Mikono ya Wamuyu

Gedion Mbaka alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo wote hakuwahi kumwaga hata tone moja kwenye meza ya Bwana. Jumapili ya kwanza ya Machi, alipokuwa akipitisha sinia ya vile vikombe vidogo vya glasi, vikaanza kugongana. Kwanza vililia kidogo tu, kama mtu anayetikisa funguo mfukoni. Alipofika benchi la tatu, vilikuwa vinapiga kelele mpaka watu waliokuwa wameinamisha vichwa wakafungua macho. Mama mmoja akaishika sinia kwa mikono yake miwili, akamsaidia kuituliza. Hakusema neno. Gedion angependa zaidi kama angesema.

Wiki iliyofuata mchungaji alimwita pembeni akamwambia, kwa upole, "Mzee, pumzika kidogo na hiyo huduma. Wacha vijana wabebe." Gedion akaitikia. Lakini alipokuwa akizunguka nyuma ya kanisa kwenda kunawa mikono, alisikia wanawake wawili wakiongea upande wa pili wa tangi la maji.

"Si ni damu tu? Mama yake huko Mbeere alikuwa hivyo hivyo."

"Ati mzee wa kanisa!"

"Chupa ni chupa. Haifichiki."

Alisimama pale maji yakimwagika ovyo kwenye mfereji. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na hakuwa ameonja pombe maishani mwake.

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Gakoromone mjini Meru, katikati ya muuza viazi na fundi wa viatu, na kwa miaka thelathini mtu angeweza kutembea kutoka pale hadi Kinoru akisoma maandishi ya Gedion kwenye bucha, maduka ya dawa za mifugo, vyuo vya ushonaji na mbao za makanisa. Siku hizi wengi walichapisha mabango ya plastiki kwa kompyuta, lakini bado walikuwako waliotaka herufi zilizochorwa kwa brashi, na hao walimtaka yeye. Sifa yake ilikuwa herufi S. Wenzake waliipima kwa rula na kamba. Yeye aliivuta kwa pumzi moja.

Mwaka ule S ilimshinda. Kanana, mwenye hoteli ya chai karibu na stendi, alimpa ukuta mzima aandike jina la biashara. Gedion alipanda ngazi asubuhi, akachovya brashi, akanyoosha mkono, na kadiri alivyoisogeza karibu na ukuta ndivyo brashi ilivyozidi kucheza. Alipomaliza, herufi zilionekana kama zimeandikwa na mtu aliyekuwa akikimbizwa. Kanana aliangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Ni sawa, mzee, inasomeka." Baada ya siku mbili Gedion alipita hapo akakuta ukuta umepakwa rangi nyeupe tena.

Mkewe, Kaari, ndiye aliyemburuta kwenda kliniki ya kwanza. Kule walimwangalia akitembea, wakaona mkono wake wa kulia haupepei kama wa kushoto, wakaona vidole vinavyotetemeka, wakaandika kwenye karatasi: Parkinson. Wakampa vidonge. Vidonge vile vilimfanya atapike kila asubuhi na mkono ukabaki ulivyokuwa. Akiwa peke yake kibandani alisoma habari za ugonjwa huo kwenye simu: mwili unaokauka, hatua zinazokatika, mtu asiyeweza kujigeuza kitandani. Alianza kumaliza mambo yake kimyakimya, kama mtu anayejiandaa kwa safari ambayo hajamwambia mtu. Aligawa brashi zake nzuri kwa vijana wa soko. Akamwambia binti yao, Gacheri, aliyekuwa chuo Embu, kwamba cheti cha shamba kiko kwenye sanduku la bluu.

"Baba anasema nini hii?" Gacheri akampigia mama yake akilia.

Hapo Kaari akasema basi. Kwenye kikundi cha akina mama kanisani kulikuwa na muuguzi aliyefanya kazi katika hospitali moja mpya upande wa Kinoru, na huyo alikuwa amewaambia kwamba kuna daktari wa mishipa ya fahamu anayefanya utafiti juu ya watu wanaotetemeka. Wanaokubaliwa hupigwa picha ya ubongo bila malipo. Kaari aliandikisha jina la mumewe kabla ya kumuuliza.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyevaa raba nyeupe. Jina lake lilikuwa Sheila Njagi. Aliwasalimia kwa Kimeru, akasikia lafudhi ya Gedion, akahamia Kiembu, na mwishowe wakakutana wote watatu kwenye Kiswahili.

Alimfanyisha Gedion mambo ya kitoto: gonga kidole kwa dole gumba, fungua ngumi, funga, gusa pua, gusa kidole changu, tembea mpaka mlangoni urudi, chora mduara unaojizungusha kama konokono. Konokono wa Gedion alitoka na meno kama msumeno. Daktari aliitazama karatasi ile muda mrefu.

"Mzee, huu mkono wa kulia uliumia?"

"Nilianguka kutoka kwenye ngazi. Miaka sita sasa. Bega likavunjika."

"Enhe. Ndiyo maana haupepei." Akaandika. "Na kwenu, kuna mwingine anayetetemeka? Baba, mama, ndugu, shangazi?"

Kaari aligeuka kumwangalia mumewe. Gedion alikuwa anaangalia raba za daktari.

"Hapana," akasema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Daktari akaandika hapana.

"Sasa nitakwambia ukweli," akasema. "Macho yangu yananipa majibu mawili yanayopingana. Mambo mengine kwako yanafanana na Parkinson, mengine hayafanani. Kwa hiyo nataka tuangalie ndani." Akachukua kalamu, akachora kichwa cha mtu kikiwa kimekatwa ubavuni kama parachichi. "Katikati hapa, kulia na kushoto, kuna sehemu mbili zinazopokea kemikali inayolainisha mwendo wa mwili. Kemikali hiyo inaletwa na nyuzi nyembamba sana. Kwa mwenye Parkinson, nyuzi hizo zinakufa kidogo kidogo, hata miaka kabla hajajua anaumwa. Eksirei haizioni. Hata ile mashine kubwa ya sumaku inaonyesha umbo la ubongo tu, na umbo linaweza kuwa zuri kabisa. Kwa hiyo tunakudunga dawa iliyofungwa na mionzi kidogo. Dawa hiyo inapanda hadi kichwani, inatafuta nyuzi zilizo hai, inazishika. Halafu kamera inaona pale mionzi ilipokusanyika. Penye uhai panang'aa. Palipokufa ni giza."

"Hiyo mionzi si ndiyo inaleta kansa?" Kaari akauliza.

"Ni swali zuri, mama. Mionzi si kitu cha mchezo, na kama ungekuwa mjamzito nisingekupa. Lakini hii ni kiasi kidogo, na kila baada ya saa sita nguvu yake inapungua nusu. Kesho kutwa haipo. Kwa mtu anayemeza dawa inayomtapisha kwa ugonjwa ambao labda hana, mimi naona inafaa. Lakini ni yeye anayekubali, si mimi."

Gedion aliweka sahihi. Sahihi yenyewe ilikwenda kombo mpaka ikavuka mstari, na aliona haya.

Siku ya picha ilikuwa Alhamisi. Fundi wa kamera, kijana mrefu wa Mikinduri aitwaye Koome, alimkalisha kwenye chumba kidogo chenye mlango mzito, akaleta bomba la sindano lililovikwa ala nene ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, zito kama nyundo. Gedion alitarajia kuhisi moto ukipita mwilini. Hakuhisi chochote isipokuwa ule mchomo wa kawaida.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mzee. Sasa tunangoja saa nne, ipande ikae mahali pake. Choo chako ni kile cha mlango wa njano, usitumie kingine. Kunywa maji mengi. Na leo ukifika nyumbani, usipakate mtoto mdogo."

Saa nne ni ndefu kwa mtu asiye na la kufanya ila kufikiri. Kaari hakuruhusiwa kukaa naye karibu muda wote. Alikuwa nje kwenye veranda na chupa ya chai. Gedion alikaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, na maneno ya Koome yakamrudia: usipakate mtoto mdogo. Yakamkumbusha mtu aliyekataa kupakata mtoto.

Gacheri alipokuwa na miezi mitatu, walimpeleka Ishiara, huko Mbeere, kwa bibi yake ili aonwe. Wamuyu, mama yake Gedion, alitoka nje ya nyumba, akamtazama mtoto kwa muda, akaificha mikono yake chini ya kanga. Kaari alipomnyooshea mtoto, akarudi nyuma hatua moja. "Mwache mama yake amshike," alisema. Gedion alimwambia Kaari njiani kwamba mama yake hana upendo, pombe imemla moyo. Alilisema neno hilo kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Maana Wamuyu alikunywa. Hilo lilijulikana kijiji kizima. Tangu Gedion akiwa darasa la tano, mama yake alikuwa na kibuyu cha muratina nyuma ya mlango, na kila asubuhi, kabla ya kushika kazi ya kufuma viondo, vile vikapu vya mkonge, alijimiminia kikombe kimoja. Mikono yake ilitetemeka. Watoto wa shule walimwigiza mama yake mbele ya Gedion njia nzima. Siku ya harusi yake, akiwa ameokoka miaka miwili tu, Wamuyu alimmwagia supu mgeni wa heshima mbele ya watu wote. Gedion akamwambia, na alihakikisha wanaosikia wanasikia, "Mama, usikanyage kwangu mpaka uache pombe." Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imepita na Wamuyu hakuwa amekanyaga. Gedion alikwenda kumwona kila Krismasi, akaacha sukari na unga, akasimama uani, akaondoka bila kunywa chai.

Koome akaja kumwita.

Alimlaza kwenye kitanda chembamba, akakitengenezea kichwa chake mto wa sponji, akapitisha mkanda laini juu ya paji la uso. Vichwa viwili vya kamera, vipana kama milango ya kabati, vikashuka mpaka karibu na masikio yake.

"Mzee, hapa usicheze hata kidogo. Dakika arobaini."

"Kijana, wewe unajua nimeletwa hapa kwa sababu gani? Mimi nacheza."

Koome akacheka. "Wacha tujaribu."

Vichwa vya kamera vikaanza kumzunguka taratibu, vikisimama, vikisogea, vikisimama. Gedion aliweka mikono juu ya tumbo, akafumba macho, akasubiri aibu. Aibu haikuja. Dakika zikapita. Mashine iliponyamaza, Koome alikuja kumfungua mkanda, akasema kwa mshangao, "Mzee, umetulia kama maji mtungini. Kuna wazima ambao wananishinda kwa kujikuna."

Gedion aliangalia mikono yake. Ilikuwa imelala kimya juu ya shati. Alipoinyanyua ili ajiinue, ikaanza tena.

Majibu yalikuwa Jumanne. Daktari Sheila aligeuza kompyuta ili wote waone. Juu ya giza jeusi palikuwa na alama mbili za rangi ya machungwa yaliyoiva, zimegeuziana migongo, kila moja na kichwa kinene na mkia uliopinda.

"Mzee, wewe ni mtu wa herufi. Hizi ni nini?"

"Mikato," Gedion akasema bila kufikiri. "Mkato mmoja umegeuzwa."

"Sawasawa. Sasa tazama hii. Ni ya mtu mwingine, jina sikutajii." Akafungua picha nyingine. Pale hapakuwa na mikia. Palikuwa na nukta mbili tu, moja ikiwa imefifia kuliko mwenzake. "Huyu ana Parkinson. Nyuzi za mkiani ndizo zinazotangulia kufa. Zako zote ziko. Wewe huna huo ugonjwa. Vile vidonge tutaviacha."

Kaari aliweka mikono usoni akaanza kulia kwa sauti, bila kujali mlango ulikuwa wazi. "Asante Yesu, asante Yesu," na daktari akamshika bega. Gedion alikaa tu. Alikuwa amekwisha kuzoea kufa. Kuambiwa aendelee kuishi kulimkuta hajajiandaa.

"Basi ni nini?" aliuliza hatimaye. "Maana natetemeka. Hilo silioti."

"Hutetemeki ukitulia. Koome ameniambia. Unatetemeka unapotumia mkono: kushika kikombe, kuandika, kubeba sinia. Huo ni mtetemo wa aina nyingine kabisa. Hauui, na ni wa kawaida kuliko Parkinson. Lakini kuna jambo linanisumbua." Akavuta karatasi yake. "Mtetemo huu mara nyingi hutembea katika ukoo. Nilikuuliza kama kuna mwingine kwenu, ukasema hakuna."

Kaari alifuta macho, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Gacheri. Mwambie."

Gedion alikohoa. "Mama yangu. Lakini yake ni tofauti, daktari. Yeye alikuwa mlevi. Ni pombe."

"Alikunywa namna gani?"

"Muratina. Kila asubuhi, kabla ya kazi."

"Mpaka anaanguka?"

Hilo Gedion hakuwahi kuulizwa. Ilimbidi afikirie. "Hapana. Sikumbuki akianguka. Kikombe kimoja. Jioni labda kingine, kama kuna wageni."

"Kazi gani?"

"Kufuma viondo."

"Na akishakunywa hicho kikombe, mikono ilizidi kutetemeka au ilipungua?"

Gedion alimwona mama yake kwenye kigoda nyuma ya nyumba, katika jua la asubuhi, nyuzi za mkonge zimelala juu ya paja lake. Alimwona akiweka kikombe chini. Alimwona akisubiri kidogo, halafu akichukua uzi, na vidole vyake vikipita juu chini, juu chini, bila kukosea, mpaka mchana. Viondo vya Wamuyu vilinunuliwa na watu waliotoka Embu mjini kuvifuata. Mlevi hafumi hivyo. Alikuwa na kile kitu mbele ya macho yake utoto mzima.

"Ilitulia," akasema.

Daktari Sheila alishusha sauti. "Pombe kidogo huutuliza huu mtetemo kwa saa moja, mbili. Si dawa ninayompa mtu, maana baadaye mtetemo unarudi, na ina madhara yake. Lakini wagonjwa wengi wanaligundua wenyewe, bila kufundishwa na mtu. Huenda mama yako hakutetemeka kwa sababu alikunywa, mzee. Alikunywa kwa sababu alitetemeka."

Gedion hakulia pale. Alisema asante, akapokea karatasi ya dawa mpya, vidonge vilevile wanavyopewa watu wa presha, kwa kipimo kidogo. Alifika mpaka kwenye lango la hospitali, penye mama anayeuza ndizi za kuchoma. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Kaari alisimama mbele yake ili watu wasimwone.

"Ulijua?" Gedion akamuuliza.

"Sikujua," Kaari akasema. "Lakini mimi sikumfukuza."

Alhamisi Gedion alikwenda Ishiara peke yake. Ardhi huko chini ilikuwa imekauka, hewa inapanda kutoka mchangani kama kutoka kwenye tanuri. Wamuyu alikuwa uani, ameketi kando ya turubai lililoanikwa ndengu, anawafukuza mbuzi kwa fimbo. Alikuwa na miaka themanini na miwili. Alimwona mwanawe akija mikono mitupu, wakati si Krismasi, akashtuka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Kaari yuko salama? Gacheri?"

"Wote wako salama. Nimekuja kukuona tu." Akavuta jiwe, akaketi karibu naye chini. "Nina njaa. Una uji?"

Wamuyu alimtazama kama mtu aliyeongea lugha ya kigeni. Kisha akaelekeza kwa kidevu, jikoni. Gedion aliingia, akakuta sufuria, akamimina vikombe viwili, akarudi. Alimwekea mama yake kimoja juu ya kigoda. Wamuyu hakukiinua. Alichukua bua la jani la mpapai, lililokatwa pande zote mbili na kusafishwa, akalitumbukiza kikombeni, akainama, akanywa kwa kuvuta. Mikono aliibana kati ya magoti.

"Tangu lini unakunywa hivyo?"

"Miaka mingi. Kikombe hakifiki mdomoni."

"Na muratina?"

Wamuyu aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini yalimkazia. "Kumbe ndicho ulichokuja kuuliza."

"Hapana, mama. Sikuja kwa ubaya. Niambie tu."

Mbuzi mmoja akafika kwenye ndengu na hakuna aliyemfukuza.

"Niliacha mwaka aliozaliwa Gacheri," akasema. "Nilisikia ni msichana. Nikasema, nikiacha mikono itatulia, niende nimpakate. Nikavunja kibuyu. Nikangoja mwezi. Mikono ikazidi. Nikangoja wa pili. Mlipomleta, nilikuwa sijaonja kitu miezi mitatu, na nilikuwa natetemeka kuliko siku ya harusi yako. Ningemwangusha mtoto. Na ningekwambia nini? Kwamba nimeacha? Ungeiangalia hii mikono, ungesema mama ni mwongo pia." Akavuta uji. "Viondo navyo vikaisha. Bila kikombe kile sikuweza kushika uzi."

Gedion akanyoosha mikono yake miwili mbele ya mama yake, vidole vikiwa wazi, akaiacha hewani. Vidole vikaanza kucheza. Wamuyu alivitazama. Polepole akaitoa mikono yake kati ya magoti, akaisogeza kando ya ile ya mwanawe, na ikawa inacheza yote minne, kwa mwendo mmoja.

"Wewe umeanza kunywa?" akauliza kwa hofu.

"Sijawahi, mama. Ni ugonjwa. Una jina, una dawa. Umetoka kwako, na wewe labda uliupata kwa baba yako. Hakuna mtu aliyemkosea Mungu. Walinipiga picha ndani ya kichwa wakaona."

"Baba yangu," Wamuyu akasema taratibu. "Baba yangu alikuwa anakula kwa mikono miwili. Tulidhani ni heshima."

"Mama, nilikukosea."

"Ulinikosea sana." Alilisema bila hasira, kama mtu anayekubali hesabu. Kisha akaongeza, "Lakini hata mimi nilidhani ni pombe, Mbaka. Miaka yote hii nimekuwa nikiomba msamaha kwa kitu ambacho sikukijua."

Hapo ndipo Gedion alipolia, kichwa kikiwa juu ya magoti ya mama yake, na Wamuyu akamwekea mkono kichwani. Mkono ulitikisika juu ya nywele zake na hakuuondoa.

Walimleta Meru mwezi wa Mei. Daktari Sheila hakumdunga kitu. Alisema picha hupigwa pale macho yanapokosa jibu, na kwa Wamuyu jibu lilikuwa wazi. Alikuwa na historia ya vizazi vitatu na mikono iliyojieleza yenyewe. Mapigo ya moyo wake yalikuwa ya polepole, kwa hiyo alimpa dawa nyingine, kidogo kidogo, akamwonya kwamba haitamaliza yote. Haikumaliza. Lakini baada ya wiki tano aliweza kuinua kikombe kilichojaa nusu, na Gacheri aliyekuja kutoka chuoni alimkuta bibi yake mezani akijinywesha chai kwa mkono mmoja, akiringa.

Nyumba ya Meru ilimshinda. Alilalamika baridi, alilalamika kwamba Kaari hupika ndengu zikapoteza ladha, na kila asubuhi aliuliza nani anawaangalia mbuzi wake. Siku moja kabla ya kurudi Ishiara alimshika Gacheri mkono, akamkalisha karibu, akaupapasa uso wake wote kama mtu asiyeona, paji la uso, mashavu, kidevu. Gacheri alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikaa akamwachia.

Gedion naye alipona nusu. Asubuhi dawa ikishika, aliweza kuandika, akiegemeza mkono wa kulia juu ya fimbo aliyoishika kwa wa kushoto. S zake hazikurudi zilivyokuwa. Aliandika herufi nene zaidi, zenye pembe, na wateja wengine wakazipenda. Vijana wa soko walimrudishia brashi zake isipokuwa moja iliyopotea.

Mchungaji alimtaka arudi kwenye meza ya Bwana. Gedion akasema hapana, hiyo wabebe wengine, lakini akaomba dakika tano siku ya Jumapili. Alisimama mbele na kuinua mikono ili ionekane. Aliwaeleza habari za kamera na mikato miwili. Kisha akawaeleza habari za mama yake tangu mwanzo: kikombe cha asubuhi, supu iliyomwagika, na neno alilomwambia mbele ya watu. Hakujificha popote. Wale wanawake wawili wa kwenye tangi walikuwa benchi la nne, na mmoja wao alitazama chini muda wote.

Baada ya ibada alipokuwa akiteremka ngazi, mzee mmoja aliyemfahamu kwa sura tu, mkulima wa miraa aliyehamia mjini karibuni na ambaye sikuzote alisimama nyuma kabisa akisalimia watu kwa kichwa, alimfuata mpaka kwenye mti wa mparachichi wa kanisa. Alikuwa amevaa koti kubwa katika joto lile, mikono mifukoni.

"Mukiri ndilo jina langu," akasema. Akaangalia kushoto na kulia. Halafu akaitoa mikono mifukoni, na Gedion hakuhitaji kuambiwa lolote.

"Huyo daktari," Mukiri akauliza, "huonwa siku gani?"